Mishono Mitatu Myekundu

12 Januari

Dada yangu,

Salamu nyingi, na pole kwa kungoja. Najua umekwenda posta mara tatu ukarudi mikono mitupu, ukanisema njia nzima. Mimi mzima, kile kifua kimetulia, wasiwasi wangu ni juu yenu. Mama anaendeleaje? Shemeji amerudi safari? Na mpwa wangu bado anakimbia kuku?

Kazi ipo. Niko pale pale kwa dobi, chumba cha nyuma, meza ya pasi. Cheka tu. Mimi niliyemwambia Mama mbele ya majirani kwamba sitashika nguo chafu za watu mpaka naingia kaburini, leo nanyoosha mashati sitini kwa siku, na mvuke umenilainisha uso kama bibi harusi. Mbele yuko mpokezi, anapokea mifuko na kuibandika namba. Sisi wa nyuma wateja hatuwaoni. Tunaona namba.

Chumba changu kiko ghorofa ya nne. Jirani wa kushoto namjua kwa kikohozi, wa kulia namjua kwa redio. Siku moja nilimsalimu huyu wa redio kwenye ngazi, akageuka nyuma kutazama nani anasalimiwa. Huu ni mwezi wa kumi na moja. Jumamosi nikitoka kazini nafunga mlango, na mtu wa kwanza kusema nami ni mpokezi, Jumatatu asubuhi, naye husema, “Sogeza huo mfuko.” Kuna wakati zilipita siku tisa hajaniita mtu. Nikajiita mwenyewe, “Mashoto,” kwa sauti, nikiwa nimesimama mbele ya sufuria. Nikaitika. Hilo usimsomee Mama.

Lakini kuna mfuko mmoja unakuja kila Jumatano, namba 41. Baba, mama na kitoto. Unajua Mama alivyotufundisha kusoma nguo za wateja aliowafulia kabla hatujajua kusoma kitabu, basi hawa nawasoma. Baba kazi yake ni ya kuandika: mkono wa kulia wa mashati yake umechakaa kwa kusugua meza, na una wino. Mama wa nyumba anapika mwenyewe, halafu anajifutia mikono ubavuni badala ya kutafuta kitambaa. Kitoto kinacheulia bega la baba, la kushoto, kwa hiyo mbembelezaji ni baba. Watu wazuri hawa. Nguo zao nazinyoosha polepole.

Wasalimie wote.

Ndugu yako,
Mashoto

3 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama pale pale dirishani posta, mpaka karani akaniomba nisogee. Nikamwambia asubiri, na mimi nilisubiri miezi miwili. Sisi hatujambo. Shemeji yako amerudi, ametuletea godoro, analalia yeye. Mpwa wako haogopi tena kuku, sasa kuku ndio wanaomkimbia.

Mama mzima, anakusalimu sana. Amecheka mpaka akashika mbavu kusikia uko kwenye pasi. Akasema, “Mlimwengu hukimbia mvua akaingia kisimani.” Sijui kaitoa wapi, lakini alifurahi nayo siku nzima. Kisha akaniambia nikuandikie hivi, neno kwa neno: nguo ya mtu unaitoa doa, huitoi habari. Habari ni zake.

Halafu akafungua kabati akatoa nguo zako za zamani, akanionyesha alama. Unaikumbuka? Ulikuwa na miaka mitano, soksi yako ikachanganyika na nguo za mwalimu mkuu, ikaenda nazo, ukalia siku mbili ukidhani na wewe utapelekwa. Ndipo Mama akaanza kushona ile mishono mitatu myekundu ndani ya pindo, kwenye nguo zetu tu. Nguo za wateja zilikuwa na fundo la bluu, la kijani, la njano. Nyekundu ilikuwa ya watoto wake. “Hizi haziendi kwa watu,” alikuwa akisema. Aliponionyesha jana alisema vile vile.

Mdogo wangu, tafuta mtu wa kuongea naye. Huyo mpokezi ana kasoro gani?

Dada yako

27 Februari

Dada,

Natumaini mnaendelea vizuri nyote kama mimi. Mpokezi ana mchumba mwenye mabega kama kabati, kwa hiyo mada hiyo imefungwa.

Sikiliza lililotokea, utacheka. Wiki ile ile barua yako ilipofika, soksi ya kitoto cha 41 ilipotea. Ndogo hivi, inaingia kidole gumba. Niliitafuta kwenye mashine ya kukaushia, nikaitafuta chini ya meza, mwisho nikaiona kwenye mfuko wa namba 17, kesho yake ingeondoka. Nikawaza, kitoto kama hiki, kitu chake kiende kwa watu? Nikachukua sindano, nikaitia mishono mitatu myekundu. Ile moja tu. Lakini soksi ni mbili, nikatia na ya pili. Halafu vishati. Halafu nikaona si haki mtoto awe na alama na wazazi wake wasiwe nayo.

Huioni mpaka ukunje pindo. Haimdhuru mtu.

Jumapili nilikwenda mtaani kwao. Anwani iko kwenye kitabu cha mpokezi. Nilikaa kwenye benchi mkabala na jengo, saa tisa mchana, na mkate wangu mkononi kama mtu anayengoja rafiki. Dirisha lao ni la tatu kutoka kona, walikuwa wameanika lile taulo la njano. Baadaye wakatoka wote watatu wakapita mbele yangu, karibu kiasi cha kunyoosha mkono. Mtoto alivaa sweta ya bluu. Dada, nilijua kwamba ndani ya lile pindo kuna nyuzi zangu. Nilitembea mpaka nyumbani kwa miguu na sikuhisi umbali.

Ndugu yako,
Mashoto

21 Machi

Mashoto,

Tuko salama, na wewe natumaini uko salama, ingawa barua yako imenitia shaka. Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Ya pili sikucheka.

Nikuulize wewe, ile alama ni pambo? Mama alituwekea sisi kwa sababu sisi ni wake. Alitubeba, akatuuguza, akatuchapa, ndipo akashona. Wewe umembeba nani hapo? Mtoto wa watu hajui hata una pua, na tayari umemtia uzi ndani ya nguo. Mama yake akiziona nyuzi hizo atafikiri nini? Mimi ningekuwa ndiye, na nikazikuta kwenye gauni la binti yangu, ningechoma gauni halafu nikatafuta aliyefanya.

Sehemu hiyo sikumsomea Mama. Nimemwambia umepata marafiki.

Zitoe. Zikija Jumatano moja moja, zitoe moja moja. Na ukae mbali na dirisha la watu. Jumapili nenda kokote, nenda hata ukaangalie watu wakicheza mpira, ugombane na mwamuzi kama wengine.

Mama anakusalimu. Mkono wake wa kulia unakufa ganzi kila asubuhi, yeye anasema ni uzee wa sabuni, mimi sipendi. Mwandikie yeye mwenyewe, hata mistari miwili. Atafurahi.

Dada yako

24 Aprili

Dada,

Natumaini nyote wazima. Mimi mzima sana.

Tumeota jino. La chini, la mbele. Nililijua kabla sijaambiwa, maana kola za kitoto zilianza kuja zimelowa mate na zimetafunwa. Na usiniletee tena maneno ya kuwaogopa watu, kwa sababu sasa tunajuana. Jumapili mbili zilizopita walinikuta pale benchi, baba akanisalimu, tukaongea, wakanikaribisha ndani. Hukuamini, sasa amini. Sebuleni wana mapazia ya kijivu yenye mistari, kitambaa cha meza cheupe chenye doa la chai pembeni lisilotoka hata ufanye nini, na mito minne ya maua. Kitanda cha mtoto kina shuka la tembo. Tulikaa mpaka jioni. Mama wa nyumba aliniita shemeji.

Ila wiki moja katikati mfuko haukuja. Jumatano, hakuna. Alhamisi, hakuna. Sikuweza kula. Nilikwenda kwao nikitoka kazini, siku nne mfululizo, dirisha limefungwa. Kumbe walikuwa safari. Wangeniaga, lakini ilikuwa ghafla. Wiki hiyo niliunguza pazia la mteja mwingine na bosi amenipa onyo, la maandishi. Si kitu, limepita.

Kuhusu zile nyuzi, tuliongea nao, wamezipenda.

Ndugu yako,
Mashoto

15 Mei

Mashoto,

Sisi tupo. Mpwa wako anakusalimu, shemeji yako anakusalimu.

Nimefurahi kusikia umekaribishwa. Nimekaa na barua yako muda mrefu kidogo, nikaona jambo. Umenieleza mapazia, kitambaa cha meza, mito, shuka la mtoto. Hukuniambia kiti ulichokalia ni cha mbao au cha nini. Hukuniambia ukutani kuna picha ya nani. Hukuniambia mlango unafungukia ndani au nje, wala walikupa nini cha kunywa. Nyumba nzima umeona vitambaa tu.

Sisemi kitu. Nakuomba jambo moja. Jumapili nyingine ukienda kwao, shati utakalolivaa usilifue. Lifunge unitumie kama lilivyo. Nataka kulisoma. Maneno yako yamekuwa mengi, na kola huwa haisemi uongo.

Dada yako

5 Juni

Dada,

Salamu. Sikutegemea kufikia siku ya kupimwa na dada yangu kama mwizi wa kuku. Hili hapa shati, ndilo nililovaa kwao Jumapili. Utaona mtoto alinilalia begani. Soma mpaka ushibe, kisha nirudishie haraka maana nalitumia.

Mashoto

28 Juni

Mdogo wangu,

Leo sina salamu za kuzungusha. Kaa chini kwanza, usome umekaa.

Mama alianguka tarehe tisa Aprili, asubuhi, mlangoni pa bafu. Ni kiharusi. Upande wa kulia umelala na maneno yamekwenda. Anasikia, anaelewa, anakutazama usoni, lakini hasemi. Jana yake usiku, mkono ulipomzidi, alikuwa amenishika akaniambia, “Usimwandikie Mashoto, ataacha kazi aje mbio.” Nikaona nitii kidogo. Halafu barua yako ya Aprili ikaja, na ndani yake hakuna swali hata moja juu ya ule mkono. Hapo nikakasirika, nikasema ngoja nione atauliza lini. Nilikuandikia Mei bila salamu za Mama. Tangu uondoke sijawahi kukuandikia bila salamu za Mama. Wewe unayejua mtoto wa watu ameota jino kwa kutazama kola, hilo hukuliona. Kunyamaza kwangu ni kosa, na nalikubali. Lakini na wewe kubali lako.

Sasa nikueleze habari ya shati.

Bahasha ilipofika nilimwekea Mama mapajani. Hukaa kwenye kiti karibu na mlango, mkono wa kushoto ndio unaofanya kazi. Nikamwambia, “Shati la Mashoto hilo.” Mimi nilikuwa nimeshalisoma, lakini nilitaka niwe nimekosea. Mama alilishika, akaenda moja kwa moja kwenye pindo, akalikunja kwa kidole gumba, akaiona ile mishono mitatu. Uso wake ulifunguka, tangu Aprili sijauona hivyo. Kisha kidole kikapita juu ya nyuzi, kikasimama. Inalalia kushoto. Ya kwake hulalia kulia. Akajua ni mkono wako ulioshona, si wake. Akaenda kwenye kola: kola ya mtu mwenye shingo nene. Akaenda mwisho wa mikono: umechakaa wa kulia, tena una wino. Wewe tangu uzaliwe unachakaza kushoto.

Alirudi kwenye pindo akaanza kuzing'oa zile nyuzi. Kwa ukucha, kwa meno, kwa mkono mmoja. Nilitaka kumsaidia, akanipiga mkono. Ilimchukua karibu saa nzima. Alipomaliza aliniwekea nyuzi tatu kiganjani, akalisukuma shati likaanguka sakafuni, akalia. Siku ile alipoanguka hakulia, hospitali hakulia. Kwa shati hilo amelia.

Ulitutumia shati la mtu mwingine, Mashoto, bega limelaliwa na mtoto wa mtu mwingine, ukasema ni lako. Wahenga walimaliza, nguo ya kuazima haisitiri matako. Hujakaribishwa popote. Unavaa nguo za watu chumbani peke yako.

Nalirudisha. Lirudishe kwa mwenyewe. Halafu utuandikie habari zako, hata kama ni mbaya. Mbaya zako tunazitaka.

Dada yako

16 Agosti

Mashoto,

Hii ni barua ya pili bila jibu. U mzima? Niandikie neno moja tu, hata “nipo.”

Nilipiga simu pale kwa dobi, mwanamke mmoja akasema huyo hayupo tena, akakata. Sasa sijui unalala wapi, sijui kama barua hii inaingia mlango wenye mtu. Nilikuwa mkali. Mimi ni mkali tangu tuko wadogo, unanijua, lakini hakuna siku niliyokukana.

Mama kila nikirudi kutoka posta anageuza shingo.

Dada yako

2 Septemba

Mama yangu, Dada yangu,

Nipo. Nimepokea barua zote mbili. Ya kwanza niliisomea kwenye ngazi. Nilikaa pale sijui muda gani. Jirani wa redio alipita, akasimama, akaniuliza, “Unaumwa?” Nikamwambia mama yangu anaumwa. Akakaa kidogo kwenye ngazi ya juu yangu, kisha akaondoka. Siku ile hakuwasha redio.

Shati nililinyoosha nikalirudisha kwenye mfuko wa 41. Sikufikiria yale matundu. Mama alipotoa nyuzi aliacha vitundu vitatu kwenye pindo, na yule mama wa nyumba aliviona. Akashangaa kulikuwa na nini hapo. Akakunja pindo la shati jingine, akakuta mishono mitatu myekundu. Akafungua kabati.

Alikuja Jumatatu asubuhi, mtoto ubavuni, na mifuko miwili. Alimwaga kila kitu mezani kwa mpokezi. Mimi niko nyuma, nasikia. Ndiyo mara ya kwanza naisikia sauti yake, Dada. Sikuwahi kuisikia kabla. Bosi akatuita sote mbele, akauliza nani ana uzi mwekundu. Ulikuwa mfukoni mwangu. Nikasema ni mimi.

Akaniuliza, “Umemfanya nini mwanangu?” Nikamweleza. Nilimweleza habari ya soksi, ya mwalimu mkuu, ya Mama. Nilieleza vibaya, maneno yalikuwa yanatoka yamekunjana. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa, kisha akasema, “Mimi sikujui.” Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anaogopa. Mtoto alikuwa amevaa nguo mpya, bado zina mikunjo ya dukani. Alikuwa amemvua kila kitu nilichowahi kukigusa.

Bosi alinikalisha pale pale mbele na mkasi mdogo, nikazing'oa zote, yule mama akiwa amesimama ananitazama. Nguo tisini na mbili. Sikujua zimefika tisini na mbili. Nilipomaliza nikaambiwa niende.

Sasa nasugua masufuria jikoni kwenye mgahawa mmoja. Jikoni tuko watano na wananiita kwa jina, kwa sababu wananiita kunigombeza. Nashukuru hata hivyo.

Niliogopa kuwaandikia, na naogopa zaidi kuja. Niliondoka hapo kwa majivuno, nirudi na uso gani? Lakini niambieni. Mama anakula nini, na anakulaje? Nani anamsuka? Analala upande gani? Mkono ule unahisi ukiguswa? Akitaka kitu anafanyaje kukwambia? Nilipaswa kuuliza mwezi wa tatu. Mama, nisamehe.

Nawatumia shati langu. Hili ni langu kweli, nilikuja nalo kutoka nyumbani. Nimelivaa siku kumi na moja, sikulifua. Lisomeni, mimi nimechoka kujieleza.

Mtoto wako,
Ndugu yako,
Mashoto

24 Septemba

Mdogo wangu,

Barua imefika, nasi tumefurahi, na tuko kama tulivyo. Nianze na ulichouliza, maana umeuliza vizuri.

Mama anakula uji na chochote kilichopondwa, anashika kijiko mwenyewe kwa kushoto na anamwagia wote waliokaa karibu. Namsuka mimi, Ijumaa. Analala ubavu wa kushoto akitazama mlango. Mkono ule hauhisi, mguu unaanza kuhisi. Akitaka kitu anagonga kiti mara moja, akikataa mara mbili. Juzi shemeji yako alianza kuimba, akagonga mara mbili.

Shati lako nimelisoma. Umekonda, kola imezidi vidole viwili. Mkono wa kushoto umechakaa, nikashukuru kuuona. Kifungo cha pili umekishona mwenyewe, kwa uzi mweupe, kwa haraka. Mikono imeganda maji ya sabuni mpaka kwenye kiwiko. Hayo niliyategemea. Kisha nikatazama mabega. Nguo zote za nyumba hii zina mabega machafu, Mashoto. La mume wangu lina mafuta ya nywele zangu, langu lina kamasi la binti yangu, na gauni la Mama lina alama ya kiganja changu pale ninapomshika kumwinua. La kwako, mabega yote mawili hayana kitu. Siku kumi na moja hakuna mtu aliyekulalia wala kukushika. Nilikwenda uani nikasimama huko mpaka nikaweza kurudi.

Mama nilimpa mchana. Akakunja pindo kama kawaida yake. Zilikuwepo nyuzi zake za miaka yote ile, zimepauka, mbili tu, ya tatu imekatika. Akazipapasa. Zinalalia kulia. Akanusa kola. Akagonga kiti mara moja. Nikamletea maji, akagonga mbili. Nikamletea mto, mbili. Mpwa wako ndiye aliyeelewa, akaenda akaleta kikopo cha sindano.

Nilimtungia uzi mwekundu. Shati nilimshikia mimi, yeye akashona kwa mkono wa kushoto. Alijichoma, akaendelea. Ni mshono mmoja tu lakini tulikaa nao mpaka kivuli kikafika mlangoni. Umelalia kushoto, Mashoto, kama wa kwako. Ukiuona utadhani umeushona wewe.

Alipomaliza alilitupia begani mwake mwenyewe. Nilitaka nilifue nikurudishie, akagonga mara mbili. Jioni nikajaribu tena, akagonga mara mbili. Amelala nalo, ameamka nalo, sasa hivi naandika na bado liko pale, na ameshalimwagia uji.

Kwa hiyo halirudi kwa posta. Uso utakaokuja nao ndio huo huo tuliouosha makamasi, usitusumbue. Umekaa kwa dobi, utaratibu unaujua, nguo hapewi mtu mwingine. Njoo ulichukue mwenyewe.

Mama anakusalimu.

Dada yako